Dungusi Lisilojua Kukataa Maji

Usiku wa jana, kabla sijajua kwamba naota, niliona ganda la yai limesimama mlangoni kwangu.

Lilikuwa nusu ganda, lile la upande mnene, na lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni. Nililitambua. Ni moja ya maganda ambayo mama mkubwa huyachomeka kwenye miiba ya dungusi letu pale dirishani, ili mgeni akipita asijichome.

"Dada Mwantumu," likasema, "samahani kwa kukusumbua. Nenda sebuleni."

"Nani ananiita?"

"Hakuna anayekuita. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Niseme kidogo kuhusu dungusi hili. Ni mmea wa miiba, mnene kama mkono wa mtu mzima, wenye mbavu mbavu. Kipande chake nilikiokota nje ya ukuta wa nyumba moja ya wageni, siku walipokuwa wanakata matawi. Mama mmoja anayeuza miche karibu na soko, hapa Kondoa, alinielekeza nikiache kivulini kwanza mpaka kidonda chake kikauke, kisha nikipande kwenye mchanga na changarawe, katika chombo chenye tundu chini. Nikakipanda kwenye sufuria kuukuu iliyotoboka. Aliniambia pia kwamba likiweka tumba la ua nisiligeuze wala nisilihamishe, na kwamba nilimwagilie pale tu mchanga utakapokuwa umekauka kabisa.

"Kiu halijali," alisema. "Wengi wanaliua kwa huruma."

Limekaa muda mrefu bila ua. Mwaka huu limeweka tumba moja, dogo, lenye manyoya ya kijivu. Hatujui litakuwa ua la rangi gani. Mama mkubwa anasema jeupe, jirani yetu mama Zaina anasema jekundu, na wameshabishana mpaka wakaacha kusalimiana kwa siku nzima. Mimi natamani tu kuliona.

Lakini shina, kule chini, limeanza kulegea. Nyumbani kwetu mtu akinywa maji akabakisha, anamimina mle. Maji tunayachota kwa foleni, hakuna anayethubutu kuyamwaga uani. Wageni wanamimina, mama Zaina anamimina. Mama mkubwa mwenyewe, kila asubuhi akishameza dawa yake ya presha, ananinyooshea glasi na kuuliza, "Utamalizia, mwanangu?" Mimi nasema, "Hapana, mama, nimeshakunywa." Basi anamimina kwenye dungusi, na juu yake anatandaza majani ya chai yaliyobaki kwenye chujio, kwamba ni mbolea.

Nimeona shina linavyolegea na sijamwambia mtu. Nilikuja nyumba hii nikiwa darasa la tano, nimuuguze mama mkubwa mpaka apone. Alipona. Hakuna aliyesema nirudi wala aliyesema nibaki, nikaendelea kuwepo. Na mtu aliyekuja kama mgeni hawezi kuanza kupangia wenyeji la kufanya na maji yao.

Nililifuata ganda.

Kutoka chumbani kwangu hadi sebuleni ni hatua chache tu. Usiku wa jana ilibidi tupitie sokoni. Yule mama wa miche yupo palepale, ila leo hauzi miche. Anauza kivuli. Amekikunja kama vitambaa vya kushona nguo, na anapima kwa futi ya mafundi cherehani.

"Unataka cha asubuhi au cha jioni?"

"Cha dirishani," nasema.

"Hicho si kivuli, hicho ni jua lililochujwa. Sikati leo, mkasi umeenda kusali." Ananitazama vizuri. "Wewe si yule wa kipande? Kilishika?"

"Kilishika. Kimeweka tumba."

"Umeligeuza?"

"Sijaligeuza."

"Basi na wewe usigeuke. Kuanzia hapa kila kitu kinatazama dirishani. Ukigeuka tu, tumba linaanguka."

Sikuona ajabu. Nilikuwa nimeshaambiwa hivyo nikiwa macho, sema sikujua kwamba na mimi nimo. Nikaondoka sokoni kwa upande, uso nimeuelekeza kule ambako dirisha letu lingekuwa, na ganda la yai likinitangulia taratibu lisimwage.

Sebuleni kumejaa watu, na wote wanatazama dirishani. Viti vinatazama dirishani. Saa ya ukutani imekipa kisogo chumba chote, kwa hiyo hakuna anayejua ni saa ngapi. Wageni wameketi wakiongea na visogo vya waliokaa mbele yao.

"Na watoto hawajambo?" mmoja anauliza kisogo.

"Hawajambo," kisogo kinajibu. "Mdogo ana kikohozi."

Chini hakuna saruji. Kuna mchanga na changarawe, kama nilivyoweka kwenye sufuria, na umelowa.

Dungusi limekaa kwenye kochi la wageni, lile lenye vitambaa vya kufuma ambalo mimi sijawahi kulikalia. Kila mwiba umevaa ganda la yai kama kofia. Miguu yake imo ndani ya sufuria kuukuu. Limevimba hadi mbavu zake hazionekani, na ngozi imebana kama ya mtu aliyeazima nguo ya mdogo wake.

Mama mkubwa anahudumia. Anatembea kwa upande, na sinia mkononi, kama anayepita kwenye uchochoro mwembamba.

"Karibu maji," anamwambia mgeni wa kwanza.

Mgeni anakunywa nusu. Anatazama kilichobaki. Anamimina kwenye sufuria.

"Asante," linasema dungusi. "Nashukuru sana."

Mgeni wa pili ni fundi redio. Anakunywa kidogo tu, ili abakize mengi. Anamimina.

"Asante, fundi."

Mgeni wa tatu ni mtu ambaye aliwahi kufika kwetu mara moja kuuliza njia ya kwenda hospitali. Bado ana maji ya siku ile.

"Nilitaka kuyarudisha," anasema, na kumimina.

"Umejisumbua," linasema dungusi. "Asante."

Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa na mapovu. Niliona sufuria imejaa na maji hayashuki.

Mezani palikuwa na jagi la nyumba, lile la bati lenye maua ya bluu, limefunikwa kitambaa chake chenye shanga pembeni. Likakohoa. Wote wakatega masikio, kwa kuwa jagi limekaa nyumba ile kuliko mtu yeyote isipokuwa mama mkubwa.

"Mwantumu amefika," likasema. "Apewe maji kwanza, kama utaratibu ulivyo."

Mama mkubwa alininyooshea glasi. "Utamalizia, mwanangu?"

Sijawahi kuwa na kiu kama ile. Koo lilikuwa limekauka kama mchanga unavyotakiwa kuwa. Nikasema, "Hapana, mama. Nimeshakunywa."

Punje chache za mchanga zikanitoka mdomoni zikaanguka juu ya kanga yangu.

"Amekataa," likasema jagi. "Yaende kwake."

Mama mkubwa alimimina. Dungusi likashtuka kidogo, kama mtu aliyeguswa na baridi.

"Asante," likasema.

"Apewe tena," likasema jagi.

"Utamalizia, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Yaende kwake."

"Asante."

Tuliendelea hivyo, sijui mara ngapi, saa ilikuwa imetupa kisogo. Mwishowe dungusi lilinisogelea bila kugeuka na likaninong'oneza.

"Mwantumu. Kila ukisema hapana, nakunywa mimi."

"Nisamehe."

"Sikulaumu. Na mimi sijui kukataa. Nimekaa dirishani kwenu muda wote huu, mtu akinipa kitu nasema asante. Nafikiri ukisema hapana watu wanakasirika."

"Mimi nafikiri ukisema ndiyo watu wanakasirika," nikasema.

Tukatafakari.

"Tumekaa vibaya," likasema dungusi.

Juu kabisa ya bega lake palikuwa na tumba. Lilikuwa limejifunika manyoya ya kijivu hadi puani, kama mtoto anayelala Julai. Likafungua jicho moja.

"Wewe uko nje," likaniambia. "Nje kuna rangi gani?"

"Zipo nyingi."

"Mimi nitakuwa ipi?"

"Hatujui. Wapo wanaosema nyeupe, wapo wanaosema nyekundu. Imeleta ugomvi."

"Hata mimi sijui. Nimejipapasa huku ndani nimeshindwa. Rangi haishikiki." Likafikiri. "Ndiyo maana nataka kutoka. Wengine wanatoka kwa ajili ya nyuki. Mimi nataka tu kujua."

"Utatoka lini?"

"Nilikuwa nimekaribia. Lakini chini kunaoza. Glasi moja zaidi ikiingia naachia. Nimeshalegeza mkono mmoja, tazama."

Nilitazama. Ni kweli, lilikuwa limeshikilia kwa mkono mmoja.

"Kwa nini maji hayashuki?" nikaliuliza ganda la yai. "Niliacha tundu."

"Tundu lipo," likasema ganda. "Lina watu. Nenda ukaongee nao."

Likainama, likamwaga maji yake yote kwenye sufuria, nami nikaenda nayo.

Ndani ya sufuria kulikuwa na giza na baridi. Nilishuka katikati ya mizizi, na mizizi ilikuwa inanipisha kwa adabu, "Pita, pita, samahani, tumelowa." Mingine ilikuwa ya kahawia na haikusema kitu. Hiyo niliishika mkono nikaipita polepole.

Chini kabisa nikakuta tundu. Mlangoni mwake wamekaa majani ya chai, wengi mno, wamebanana kwenye benchi kama watu wanaosubiri daktari. Kila mmoja amejikunja na kulowa, na wana harufu ya tangawizi.

"Hodi," nikasema.

"Karibu, ingawa hakuna nafasi."

"Mnangoja nini?"

"Kuitwa."

"Kuitwa na nani?"

Wakatazamana. "Hilo hatukuuliza," akasema jani mmoja mzee. "Mama mkubwa alitushusha hapa. Alisema sisi ni mbolea. Sisi hatujui kazi ya mbolea, tulisomea chai tu. Tukaona bora tukae mlangoni, kazi ikija tuione."

"Maji hayapiti," nikasema.

"Unasemaje?"

"Maji hayapiti."

"Sauti, mwanangu. Sisi tumechemshwa, masikio yamelegea."

Nilijaribu. Ikatoka punje ya mchanga, ikadondoka kwenye paja la jani mzee. Akaiokota, akaitazama kwa makini, akampa jirani yake. Wakaipitisha benchi zima.

"Ni neno," wakakubaliana. "Lakini limekauka mno. Halisomeki."

"Unataka nini, binti?" akauliza jani mzee, kwa upole. "Tuombe tu. Sisi si watu wabaya."

Huo ulikuwa ukweli. Hawakuwa wabaya. Hakuna aliyekuwa mbaya katika nyumba ile, si jagi, si fundi redio, si mama mkubwa na sinia lake. Nilisimama pale nikijiuliza kwa nini basi ilikuwa vigumu hivyo. Kama wangekuwa wabaya, nadhani ningepata la kusema.

Niliingiza kidole katikati yao nikachokoa. Wakacheka, maana walisikia mtekenyo, na wakisogea kwa kucheka nafasi ndogo ikapatikana, ndogo kama tundu la shanga. Tone moja likapita. Nikalisikia likianguka mbali sana, kwenye sahani iliyo chini ya sufuria.

"Ahaa," akasema jani mzee. "Kumbe ulitaka tupishe. Sasa hilo si ungelisema."

"Mtapisha wote?"

Nikashangaa. Ilikuwa sauti yangu, na haikuwa na mchanga.

"Tutapisha. Lakini sisi tutatoka mmoja mmoja, tumelowa, na juu kuna glasi iko njiani. Nenda ukaizuie. Hiyo haituhusu sisi, hiyo ni ya wenyewe."

Nikatazama juu. Sufuria imekuwa kisima, na ukingoni, mbali, kuna uso wa mama mkubwa, mkubwa kama paa. Anainamisha glasi.

Nipo tena sebuleni. Wageni wote wamesimama, wakitazama dirishani. Dungusi limefumba macho. Miiba yake imevua kofia zote na kuzishika kifuani, kama watu wanaosubiri kutangaziwa jambo. Tumba limeninyooshea jicho lake moja.

"Hii ndiyo ya mwisho," likasema jagi. Kitambaa chake kilikuwa kinatetemeka, shanga zikigonga bati. "Mwantumu, unaulizwa kwa mara ya mwisho. Nami nakuonya. Nimekaa nyumba hii muda mrefu. Najua anayekunywa na najua asiyekunywa. Wewe hujawahi kunywa kwangu bila kusubiri wote waondoke."

Nilidhani hakuna anayejua hilo. Ni kweli huwa nakunywa jikoni peke yangu, na nakausha glasi kwa kanga kabla sijairudisha.

"Hata mimi nilikuwa nalijua," likasema dungusi bila kufumbua macho. "Dirisha langu linaona jikoni."

Mama mkubwa ananinyooshea glasi. Mkono wake umeshaanza kuinama kuelekea sufuria, kwa kuwa jibu langu analijua.

"Utamalizia, mwanangu?"

Nafungua mdomo. Mchanga unajaa. Naona tumba linaanza kufungua vidole, kimoja, kingine, na ndani ya manyoya, pale lilipofunguka kidogo, kuna rangi. Nanyoosha shingo niione. Ni kama ya

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Kuku wa mama Zaina walikuwa wanagombana nyuma ya nyumba. Nilikaa kitandani nikiwa na hasira kidogo, maana nilikuwa nimebakiza kidogo sana niione ile rangi.

Kisha nikatazama mkono wangu. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada kulikuwa na jani la chai. Lilikuwa bado bichi, limejikunja. Nikalinusa. Tangawizi.

Jana jioni hatukunywa chai, tulikunywa uji. Na ile sufuria sijaichokoa hata siku moja, naogopa kuitikisa.

Nikaenda sebuleni. Viti vilikuwa vinatazamana kama kawaida na saa ilikuwa inaonekana. Dungusi lilikuwa dirishani mahali pake, limevaa maganda yake ya mayai. Tumba lilikuwepo. Niliinama kulitazama na lilikuwa limefumba kabisa, kijivu tupu. Chini ya sufuria, kwenye sahani ambayo huwa kavu siku zote, kulikuwa na tone moja la maji.

Mama mkubwa alitoka chumbani kwake na kanga ya kulalia, dawa yake kwenye kiganja. Akamimina maji kutoka kwenye jagi. Akameza dawa, akakunja uso kama anavyoukunja kila siku, akanywa nusu. Akaja dirishani kwa mwendo wake wa asubuhi.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Utamalizia?"

Mkono wake ulikuwa umeshainama. Maji yalikuwa yamefika ukingoni mwa glasi, upande wa sufuria, na hakuwa ananitazama, alikuwa anamtazama nje mama Zaina akifukuza kuku. Sikumwona kama mtu anayenisubiri nikosee. Alikuwa mama mkubwa tu, ambaye ananiuliza swali lilelile kila asubuhi na bado hajachoka kuuliza.

Nikaishika glasi.

"Nipe mimi, mama," nikasema. "Hilo limetosheka, shina linaoza. Mimi ndiye nina kiu."

Akageuka. Alinitazama muda, kisha akalitazama dungusi, kisha mimi tena, kama mtu anayelinganisha vitu viwili.

"Una kiu," akasema. "Wewe. Tangu lini?"

Nikanywa yote kwanza. Yalikuwa ya baridi, na yalikuwa na ladha ya bati kidogo.

"Tangu nilipokuja," nikasema.